Jina Nyuma ya Meza ya Maua

Kandy,
3 Machi 2011

Mdogo wangu mpendwa Heenbanda,

Vito Vitatu vya dini yetu vikulinde wewe na wote wa nyumbani kwako. Jicho lako linaendeleaje baada ya upasuaji? Mimi ni mzima wa kukaa, si wa kusimama. Daktari anazungumza na binti yangu Somalata kwa sauti ya chini barazani, akidhani nimekuwa kiziwi.

Nilipata barua yako kutoka Kolombo. Umesema baraza la hekalu la Nugakanda, ambalo wewe ni mwenyekiti wake, limemkatalia mchoraji Sobana kutengeneza ukuta wa picha, na kwamba baada ya siku ya mwezi mpevu fundi wa Kolombo atapiga lipu mpya na kuchora upya. Sababu mliyompa ni kwamba ukoo wake hautajwi popote katika kitabu cha hekalu. Ndiyo maana nilimwomba Somalata anipandishe kilimani hekaluni Jumapili, nikauone ukuta huo kabla haujafunikwa.

Heenbanda, nimerudi na hasira ambayo mwili huu hauwezi tena kuibeba. Wageni walijaa hadi kwenye ngazi. Wawili walisimama wamempa Bwana Buddha mgongo ili wapigwe picha, na mwingine alikuwa ananusa yungiyungi alilouziwa langoni, kisha akaliweka mezani liwe sadaka. Hao niliwasamehe, hawajafundishwa kwamba Bwana Buddha hapewi mgongo wala ua la sadaka halinuswi. Lakini kiongozi wao ni kijana wa kwetu, amezaliwa ng'ambo ya ziwa, na hakuwaambia neno. Yeye alikuwa amening'iniza kipaza sauti kifuani, anawatangazia kwamba picha zote zilichorwa na babu mkuu wa ukoo wetu, mtu mkubwa wa mfalme, na kwamba kwa miaka saba ya kazi ile hakuonja chakula cha jioni, kama mtawa.

Nilimwambia hayo ni uongo. Alinitazama jinsi watu wanavyowatazama wazee waliotoroka kitandani, halafu akasema mbele ya wote: "Babu, umesoma kitabu lakini? Kasome kwanza, kinauzwa hapo mlangoni."

Wageni walicheka, na Somalata akanivuta mkono. Langoni tulimkuta Sobana akimalizia kuandika jina ubavuni mwa bajaji, kwa brashi nyembamba na mkono usiotetemeka. Ndiyo kazi iliyombakia. Aliponiona aliteremka barabarani kunipisha, kama baba yake alivyokuwa akifanya.

Sasa nisikilize, maana nimekaa na jambo hili miaka hamsini na mitano. Kitabu kile hakina jina la mwandishi, nawe umekuwa ukiamini kiliandikwa na watawa. Nilikiandika mimi, mwaka ule nilioanza kufundisha historia. Ile miaka saba bila chakula cha jioni niliitunga barazani kwa baba, nikiwa nimetoka kushiba wali na mchuzi wa fenesi. Babu yetu huyo mkuu alitoa vigae vya paa tu. Hakuwahi kushika brashi.

Nilijua nani aliuchora. Nyuma ya meza ya maua, karibu na sakafu, kuna maneno yaliyochongwa kwenye lipu kwa ncha ya chuma: *Hii ni kazi ya mkono wa Hapu Naide na wanawe.* Hapu ni babu mkuu wa Sobana. Niliyaziba maneno hayo kwa chokaa, kwa kidole changu mwenyewe, kwa sababu niliona aibu wageni wasome jina la fundi pasipo jina letu.

Kitabu kilipotoka, baba yake Sobana alikuja nyumbani. Nilimpa kile kigoda kifupi tulichokuwa tukiwapa watu wa tabaka lao, mimi nikabaki kwenye kiti. Aliniuliza kwa upole jina la wazee wake limekwenda wapi. Nilimjibu: "Mimi nimesoma. Wewe umesoma wapi?" Akainuka, akaniinamia, akaondoka. Kijana wa kipaza sauti alinirudishia maneno yangu mwenyewe.

Usiseme naweweseka, wala usilinde jina la baba kwa kuificha barua hii. Isome mbele ya baraza kabla ya mwezi mpevu. Sogezeni meza ya maua. Chokaa itatoka kwa kijiti cha mwanzi, ila usiitoe wewe. Mwache Sobana aitoe kwa mkono wake, kisha mpeni ukuta wake. Nami nikiwa nimekwisha kwenda, usiniombee radhi kwa maneno mengi. Mwite nyumbani kwa baba, chumba cha mbele, na umpe kiti cha kimo kimoja na chako.

Nisalimie shemeji na watoto. Somalata anakuamkia.

Kaka yako,
Dingiribanda