Fundo Nililopiga kwenye Uzi wa Zawadi

Malvern, Johannesburg

Dada yangu Salima,

Shikamoo. Goti linakusumbuaje na mvua za Morogoro? Huku baridi imewahi, asubuhi hata cherehani hugoma kuzunguka. Mwili hauna neno dada, moyo ndio mgonjwa.

Nimekuchosha na sifa za Zawadi wangu, najua. Pale chuoni Braamfontein wanatafuta uzi mwembamba kama unywele, imara kuliko chuma, ambao siku moja utanyooshwa kutoka duniani hadi angani, lifti ipande juu yake badala ya roketi. Wenyewe wanasema labda wajukuu ndio watakaoiona. Lakini katika kikundi chao hakuna aliyesokota uzi mrefu kama wa mwanangu. Wanaume wenye ndevu wameshindwa.

Juma lililopita alipitia dukani kwangu na uzi huo kwenye kikasha, kesho yake upimwe mbele ya wafadhili. Ukishika, anaendelea na masomo, ukikatika, basi. Akaniachia begi, akavuka barabara kununua mkate spaza, vile viduka vya mtaani vya huku. Mteja wangu mmoja, Mkongo, akanichokoza: "Mama Zawadi, ule uzi wa mbinguni unasemaka kila siku, iko wapi?"

Mdomo wangu huu, dada. Nikautoa. Nikaupiga fundo, nikatundika pasi ya chuma. Ikaning'inia. Nikalifungua fundo taratibu, nikauviringisha kama ulivyokuwa.

Kesho yake ulikatika uzito haujafika hata nusu. Zawadi alirudi akakaa na koti lake mwilini. Siku zote hunijibu Kiingereza, lakini siku hiyo alisema kwa Kiswahili, "Mama, nimekosea mahali, sijui wapi." Tangu hapo anapekua madaftari yake akitafuta kosa. Halimo humo.

Mimi ni fundi. Wasichana wangu nawafundisha kila siku: uzi ukishapigwa fundo, hata ukilifungua, pale pameshakufa.

Msalimie kaka yetu mkubwa, umwombe aache kuwatangazia wenzake msikitini habari za lifti. Shangazi aliyenifundisha kushona mpe salamu tupu, usimsomee barua hii.

Nimeanza na wewe kwa sababu kwa Zawadi sijui pa kuanzia. Yuko chumbani, nasikia kurasa zikifunuliwa. Nikishafunga bahasha, nabisha hodi.

Mdogo wako,
Mama Zawadi