Mlango wa Chuma Kwenye Behewa la Mbao

Thunder Bay, 9 Oktoba 1994

Kaka Ostap,

Salamu nyingi kwako na kwa wifi Halya. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila mgongo unanisema baada ya saa kumi na nne za basi kutoka kwenu, behewa langu dogo la mfano likiwa mapajani kama mtoto mchanga. Pirohi za wifi, yale maandazi yake ya viazi, ziliisha kabla ya Winnipeg.

Nina jambo, na nalisema bila kuzunguka. Waamuzi wenzako wa mashindano ya reli ndogo wamenipa hadi tarehe thelathini na moja. Nilete ushahidi wa maandishi kwamba lile behewa halisi la ngano lilikuwa na mlango wa mbao upande mmoja na wa chuma upande wa pili, au nirekebishe. La sivyo langu haliendi kwenye maonyesho ya Ottawa. Wanasema mabehewa ya mbao ya aina ile yalikuwa na milango ya mbao pande zote, huo wa chuma nimeutunga. Niliwaambia niliuona kwa macho yangu kwenye karakana ya reli ya Dauphin, nikiwa na miaka kumi na minne. Wote wakakugeukia wewe, fundi wa mabehewa kwa miaka thelathini na tano. Ukainamia karatasi zako.

Kaka, mlango ule uliuweka wewe. Niandikie mistari miwili tu, utie sahihi.

Mdogo wako,
Orysia


Dauphin, 17 Oktoba 1994

Mdogo wangu Orysia,

Tunashukuru umefika salama. Goti ni lile lile. Halya anakusalimu, anakuomba urudishe bakuli lake.

Kuhusu behewa. Nimetengeneza mabehewa maelfu, nawe unataka nikumbuke mlango mmoja wa mwaka 1958. Picha huna, mchoro huna. Mwamuzi akimtetea dada yake kwa maneno matupu, watu watasemaje?

Na tuambiane ukweli. Wewe umefundisha hesabu maisha yako yote, kucha safi. Haya mambo ya reli ndogo umeyaanza miaka minne tu iliyopita. Mimi nina vibehewa arobaini katika chumba cha chini ya nyumba, vingine nilivianza kabla hujaolewa. Siku ile ukumbini nilipanga sita vya kutazamwa tu. Unajua watu waliniuliza nini? Kama mimi ndiye kaka yake Orysia. Hata jirani yangu Petro, anayekula kwangu kila Jumapili, aliinama mbele ya behewa lako nusu saa nzima akihesabu ribiti, zile pini ndogo za chuma. Vyangu alivipita akitafuta kahawa.

Weka mlango wa mbao, yaishe.

Kaka yako,
Ostap


Thunder Bay, 24 Oktoba 1994

Kaka,

Natumai hamjambo. Bakuli nimelituma.

Usiniambie umesahau. Mtu anayekumbuka namba za mabehewa yaliyouzwa kama chuma chakavu kabla sijapata mvi hasahau mlango wake mwenyewe. Ilikuwa Januari. Behewa liligongwa likipangwa kwenye treni, mlango wa mbao ukapasuka, na stoo hakukuwa na mwingine. Ngano ilikuwa inasubiri. Ukaenda kwenye behewa jingine lililoanguka ukang'oa mlango wa chuma, ukaupachika. Mimi nilikuwa nje ya uzio na chakula chako, maana baba hakutaka msichana karakanani. Ulipomaliza ulirudi nyuma hatua tatu, mikono kiunoni, ukautazama.

Zimebaki siku saba. Mistari miwili, kaka. Na kama hutaki kuandika, basi niambie kwa nini ulinyamaza.

Orysia


Dauphin, 7 Novemba 1994

Mdogo wangu,

Sijui kama bado unataka salamu zangu. Halya alisoma barua yako na tangu hapo hasemi nami. Ananiwekea chakula mezani na kuondoka.

Nilinyamaza kwa wivu. Nimekaa karibu wiki mbili nikitafuta neno jingine, sikulipata.

Baba alipougua mimi ndiye niliyemwogesha na kumnyoa. Mgeni akiingia, baba anasema, "Orysia wangu ni mwalimu." Mimi nimeshika beseni pale pale. Nilijiambia basi, mabehewa angalau ni yangu. Halafu ukaja na lile lako, ukaliweka mezani, nikaona mlango wangu. Nilijua ni ule nilipouona tu. Ulikuwa umeutengeneza vizuri kuliko nilivyoufunga mimi, na nikakuchukia, Orysia, mbele ya watu wote wale.

Leo nimewaandikia waamuzi. Nakala imo humu. Nimesema mlango ulikuwepo, niliuweka mimi, na sikusema ukweli nilipoulizwa. Nimejitoa katika kundi la waamuzi. Najua tarehe imepita. Nimewasihi walipokee hivyo hivyo.

Nisamehe.

Kaka yako,
Ostap


Thunder Bay, 14 Novemba 1994

Kaka Ostap,

Salamu kwako na kwa wifi. Mwambie akusemeshe, namwomba mimi.

Barua yako nimeisoma mara tatu na nimelia. Sikujua habari ya beseni. Na wewe hujui kwamba mimi ndiye niliyekuonea wivu kwanza. Wewe ulikuwa ndani ya uzio na nyundo, mimi nje na mkate unaopoa. Ule mlango ulinichukua wiki tano. Mara mbili niliuharibu, nikaanza upya. Niliutengeneza ili nami niwe nimekuwepo.

Lakini umechelewa, kaka. Hadi tarehe thelathini sanduku la barua lilikuwa tupu. Usiku huo niliung'oa mlango wa chuma nikaweka wa mbao, na asubuhi nikalituma behewa Ottawa. Nimewapigia simu watu wa maonyesho baada ya kupata barua yako. Wamesema limeshafungwa kwenye kabati la vioo na halifunguliwi tena.

Mlango wako nimeuweka katika bahasha hii. Kama umeifungua kwa haraka, angalia sakafuni, hauzidi stempu. Ile bolti ya chini uliyoipiga ikapinda, nami niliipinda vivyo hivyo.

Waamuzi wameniandikia kunipongeza. Wanasema sasa behewa halina kosa hata moja.

Mdogo wako,
Orysia