Breki ya Mkono wa Kulia

Dada yangu,

Shikamoo. Huku tunajikongoja. Mama bado anamtengea shemeji sahani, kisha anaiondoa. Karakana imejaa baiskeli zenye tope. Majani yanapukutika msituni.

Umeniuliza mumeo alizamaje bwawani, ilhali njia ya ukingoni mwa bwawa ni tambarare hata mama angeipita kwa baiskeli. Watu wanasema aliteleza kwenye majani. Nami msibani niliitikia.

Dada, siku moja kabla nilimbadilishia nyaya za breki. Kwa mazoea nikaifunga ya mbele mkono wa kulia, kama yangu. Yake ilikuwa kushoto. Nilikumbuka jioni, nikasema nitamwambia kesho. Asubuhi akapita akipiga kengele: "Shemeji, Mungu aibariki mikono yako!" Nikampungia tu, mdomo umejaa chai.

Pale ukingoni alibana ya kulia akidhani ni ya nyuma. Gurudumu la mbele likakwama, likamrusha majini kichwa mbele.

Umesema baiskeli apewe kaka. Bado naiangalia hapa ukutani. Breki nimezirudisha kama alivyozizoea. Imenichukua dakika tano.

Mdogo wako,
fundi