Kipande cha Mvua

Jumanne, 10 Januari 2012
Arobaini ya Bakhtawara imepita. Mke wangu kaondoka na mimi sijalia. Nakula, nalala. Mkate kama karatasi.

Kaja Jamshed, Mparsi wa Karachi, mkusanyaji wa filamu zilizokatazwa. Nikampa ile porojo yangu ya kila siku: sinema ilipoungua nilitoka na makasha kumi kichwani, ndevu zinawaka! Kacheka. “Ami, makasha baki nayo. Nataka kile kipande cha mvua.”

Wote wanataka hicho. Filamu yenyewe takataka — bunduki, damu, jini wa mpira. Lakini kipande kile, msichana anacheza mvuani, wakaguzi wa serikali hawakukiona kamwe. Nilipokuwa mwonyesha filamu, mlinzi akipiga mluzi kwamba polisi hawapo, nakichomeka katikati. Kikiisha nakitoa, kinakwenda sinema nyingine kwa baiskeli. Peshawar nzima!

Nikamuuliza, utamu wake nini? Eti hakuna mwingine anacho. Na ni marufuku.

Alhamisi, 12 Januari
Kimebaki kimoja, chini ya kitanda changu. Kinanuka siki — kinaoza. Jamshed anataka kukinakili, akakionyeshe Ulaya. Ukumbini. Kwa watu.

Anayecheza mvuani ni nani, sikumwambia. Ni Bakhtawara, kabla sijamuoa. Aliniapisha. Porojo zote nimemwaga mjini, hilo sijalitoa. Hata binti yetu Spogmai hajui.

Leo anaosha vyombo, kasema: “Mama hakukubali hata picha moja. Kidevu chake kinanipotea, Baba.”

Nikachukua kitambaa, nikafuta sahani. Mimi!

Jumamosi, 14 Januari
Jamshed kaleta mashine ya kuonyeshea filamu. Alasiri, mapazia chini. Mikono haijasahau. Ukutani mvua — na yeye, ameloa, anacheka. Jamshed hapumui. Mimi, hakuna kitu. Kama naangalia ukuta.

Spogmai kaingia na chai, kageuza uso. “Toba! Baba, na mvi zote hizo?”

Mwanamke wa ukutani akasukuma nywele kwa kifundo cha mkono, kama mtu mwenye unga vidoleni. Mama yake Spogmai alifanya hivyo kila asubuhi.

Spogmai kageuka tena. Chai ikamwagika zuliani. Akapiga magoti kuifuta, macho ukutani.

Jamshed, hana habari: “Ami, huyu bibi jina lake nani? Niandike.”

Nikarudisha filamu mwanzo, nikamwacha Spogmai na zulia, nikasema naenda kutafuta miwani. Miwani ninayo usoni. Niko chumbani, naandika. Dirishani namwona Jamshed uani, anavuta sigara.

Na mashine inazunguka. Sikuiwasha mimi.