Hema Kwenye Barabara ya Klabu

Kitengela, Jumamosi, Agosti 2001

Sijaambia mtu yeyote hili: leo nilidhani baba atamkanyaga mama na greda.

Tangu korti iseme klabu ya gofu ya hapa jirani irudishiwe barabara yake inayopita estate yetu, akina mama wa kanisa walikuwa wamepiga hema hapo katikati. Waliamini hakuna dereva atagusa mahali watu wanaomba. Mama ndiye alikuwa akiongoza nyimbo.

Halafu greda ya kaunsili ikakuja, na juu yake baba. Baba yangu! Asubuhi alituambia ana kazi Ngong.

"Mama Mutheu," akamwita kwa jina langu, "toka. Nimetumwa."

"Pita basi! Si uko na hicho kisu cha greda hapo mbele?"

Akina mama wenzake wakacheka. Mimi nilikuwa kando ya barabara, nikarudi nyuma.

Baba akashuka, akang'oa vigingi vya hema kimoja kimoja bila kumwangalia. Turubai ikamwangukia mama, na bado alikuwa anaimba chini yake. Mpaka akina mama wakamtoa.

Barabara imefunguka. Mama amehamia kitanda changu na amegeukia ukuta. Hajamwekea baba chakula. Je, kama hatarudi chumbani kwao?

Nasikia viatu vya baba vikija mlangoni. Sifichi karatasi hii. Asome, ajue niliogopa.