Siku Mama Mwiko Alipopakuliwa Chakula

Ni mwaka mmoja sasa, Mama, tangu jiko la shule lipate mtu mwingine wa kuliwasha alfajiri. Chai bado inachemka, wanafunzi bado wanalalamika kwamba sukari imepita mbali, na wewe bado wanakutaja kwa jina walilokupa wenyewe, Mama Mwiko. Sisi tumeanza kuzoea, kidogo kidogo. Baba hajaanza.

Baba hatulii. Anakaa, anainuka, anafungua dirisha, analifunga, anauliza nani kalifunga. Kule saluni kwake, mteja akishafungwa shuka shingoni tu, anasimuliwa ile siku yenu ya hotelini tangu mwanzo hadi mwisho, halafu anaulizwa kama kwa maoni yake anadhani ulifurahi. Wote wanajibu ulifurahi sana. Tumemwambia, Baba, mtu mwenye wembe shingoni atajibu nini kingine? Anajua. Ndiyo maana majibu yao hayamwingii, na mteja anayefuata anaulizwa upya.

Ile siku tuliwapangia sisi wanao, shule ilipofungwa. Daktari alishakuonya kuhusu moyo wako, ukamjibu kwamba moyo utapumzika masufuria yakishaoshwa. Basi tukasema mwende mkale, mlale, msiguse kitu.

Wewe uligusa kila kitu. Baba anasema aliamka akakuta umeshatandika upande wako wa kitanda, unamsubiri ainuke utandike na wa kwake. Dada wa usafi alipoingia aliomba radhi, akatoka, akarudi kuangalia namba ya mlango. Alidhani chumba hakijalaliwa.

Mkashuka kula. Mezani kulikuwa na mikate ya kila namna, mayai, matunda yamekatwa vizuri, na sahani zinang'aa. Ukachukua sahani yako, ukasimama nayo pembeni. Baba akakuuliza unangoja nini, ukamwambia bado kuna watu. Kwenye jiko lako mpishi hatii kijiko mdomoni mpaka mwanafunzi wa mwisho awe amekula, na wewe sheria hiyo ulikuwa umeibeba hadi likizoni. Sasa wageni wa hoteli si wanafunzi, Mama, kengele hawana. Kila mtu anashuka akijisikia. Akija huyu, anakuja na yule, halafu familia nzima yenye watoto wa kuchagua chagua. Uliwangojea wote. Wa mwisho alipoketi, wahudumu wakaja kutoa vyakula mezani. Baba naye alikuwa hajala, maana bila wewe hajui kula. Mkatoka pale kwenye shibe ya watu na njaa zenu.

Pale kwenye bwawa la kuogelea Baba alikulaza kwenye kile kiti kirefu, ukakikalia pembeni kabisa kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Akageuka kidogo tu, akakuta unakunja mataulo ya wageni. Mgeni mmoja akakuona, akakuagiza juisi. Ukaenda ukamletea. Tena, anasema Baba, ulirudi uso umekunjuka, na huo ndio wakati pekee wa asubuhi ile uliokuwa na raha. Yeye moyoni alikuwa anaungua. Alikuwa amekuleta mbali kote kule akupumzishe, na kumbe amekuhamisha jiko tu.

Mchana akamfuata mhudumu, wakanong'onezana. Mkawekewa meza peke yenu bustanini, kiti chako kikiwa kimewapa mgongo watu wote. Ikaja supu, wali na samaki mzima, moshi unafuka. Mkono wako ukaenda kwenye upawa. Baba akauwahi, akakupakulia yeye, kwa mara ya kwanza tangu mwoane. Supu nyingine ilikwenda kwenye kitambaa cha meza. Ukamsukumia ile sahani. Akakurudishia. Ukaisukuma tena.

"Kula, mume wangu, kinapoa."

"Anza wewe."

"Mimi ni mpishi."

"Hiki hujakipika wewe. Leo wewe ndiye mwanafunzi wa mwisho, na mimi hapa nina njaa tangu asubuhi."

Baba anasema ulimtazama kama unayemkadiria mtoto anayedai hajapata nyama. Halafu ukacheka mpaka ukashika meza. Ukala. Ulikula kikiwa cha moto, ukamaliza samaki na kichwa chake, na keki ilipokuja ukaomba nyingine. Halafu ukalala palepale kitini, mchana kweupe, mdomo wazi. Baba, ambaye hawezi kukaa bila kunyoa mtu, alikaa. Mguu ukamfa ganzi, hakuusogeza.

Ulipoamka, ulijifuta mdomo ukasema, "Samaki chumvi ilipungua." Hukusema lingine.

Miezi michache baadaye ukatutoka, kwa ghafla, kabla muhula haujaisha. Na Baba akabaki na hiyo chumvi. Mwaka mzima inamtafuna. Kwamba labda hukupenda. Labda ulikula kumridhisha yeye tu, kama ulivyoturidhisha sisi sote miaka yote.

Wiki iliyopita dada yako mkubwa alikuja kwa ajili ya kumbukumbu hii. Hata mzigo hajautua, Baba akamuuliza. Mama Mkubwa hana wembe shingoni na hamwogopi Baba, unamjua.

"Shemeji, kwani hukuambiwa?" akasema. "Alinipigia jioni ileile, wewe ukiwa unaoga. Aliniuliza kama mahotelini mtu anaweza kuwekewa meza yake mpaka mwakani. Nikamwambia akuulize wewe. Akasema atakuuliza, ila kwanza akuache uhangaike kidogo, maana ukihangaika unapendeza."

Baba akaomba arudie. Akarudia. Akaomba tena, na Mama Mkubwa akamwambia aende kazini, watu wamefuga misitu vichwani huko. Alikwenda. Siku ile alinyoa kutwa bila kumuuliza mtu swali lolote, hata wateja wakawa wanaulizana kama anaumwa.

Usidhani ametulia, Mama. Sasa anapiga simu hotelini kila siku kuuliza kama ile meza ya bustanini imechukuliwa. Jumamosi tunakwenda wote. Shati analijaribu, analivua, anatafuta lingine.

Unakumbukwa na mumeo kinyozi; sisi wanao, wakwe zako na wajukuu zako; dada yako mkubwa; wapishi wenzako na wote waliowahi kupanga foleni mbele ya sufuria lako. Kukusahau hatukujui, Mama, na kujifunza hatutaki.