Tano Niliyoiandika Mimi

Jumatatu, 8 Machi 1976
Nimepewa fomu nigawe kwa marubani wetu wanne hapa Mbeya. Makao makuu wanataka kujua kama wanajiona salama kazini. Sentensi kumi, kila moja waipe alama: moja ni "si kweli kabisa", tano ni "kweli tupu". Juu imeandikwa SIRI. Meneja, Bwana Philbert, kaniagiza nipige taipu mstari wa jina. Siri gani hiyo!

Jumatano, 10 Machi
Watatu wameweka tano tupu. Hata kusoma hawakusoma! Sedekia wangu — kanisani tumeshatangazwa mara mbili — hajui kuuficha uoga wake. "Mawingu yakifunika milima, naruka bila wasiwasi": moja! Na Bwana Philbert kaapa, mlalamishi yeyote atafukuzwa.
Nimefuta. Nimeandika tano. Harusi ni baada ya Pasaka, jamani.

Ijumaa, 12 Machi
Tangu asubuhi mlima Loleza hauonekani kwa ukungu. Sedekia kagoma kupeleka dawa Iringa. Bwana Philbert akatoa fomu yake, akaisoma kwa sauti mbele yetu wote. Mwenyewe umesema huna wasiwasi, leo umekuwaje?
Sedekia akaitazama ile tano. Akanitazama mimi. Alijua! Neno moja tu, ningefukuzwa mimi. Hakulisema. Akachukua koti, akaenda kwenye ndege.
Na mimi sikufungua mdomo. Mungu wangu, sikufungua mdomo.
Saa tisa. Iringa wanasema hajafika.

Jumamosi, 13 Machi
Hajafika.

Jumatatu, 15 Machi
Wachunga ng'ombe wameiona ndege vilimani, nyuma ya Rujewa. Basi. Siwezi.

Alhamisi, 18 Machi
Jana tumemzika kwao Ilula. Nimelala hapa kwa mama yake, Mama Lea.
Bwana Philbert alikuja msibani na fomu. Eti kijana alijiamini mno. Mama Lea kaikataa. Anasema mwanawe aliogopa mawingu tangu aanze kazi, kila likizo alimwomba amsalie. Hiyo tano si yake. Kanishika mkono: wewe mkwe wangu uko ofisini, nitajie aliyeiandika.
Nikasema ngoja nichemshe chai.
Nimejifungia jikoni na daftari hili. Chai imeshafurika, imezima moto. Ananiita. Njoo ukae karibu yangu, mkwe, nimebaki na wewe tu.